Mapipa mawili na draya moja: shajara ya ukarabati wa mashine za kufulia za Uingereza

Januari: kilichopo mezani

Mashine ni mbili. Ya kwanza ni ya mapipa mawili: kushoto pipa kubwa la kufulia, kulia pipa jembamba la kukamulia, yote ndani ya sanduku moja la bati jeupe lenye magurudumu. Ya pili ni draya, yaani mashine ya kukaushia nguo, ya kutoa hewa nje kwa bomba. Vibati vya jina vimeng'oka kwenye zote mbili, hivyo umri unasomwa kwa ushahidi mwingine. Waya wa umeme wa mashine ya kufulia una nyuzi nyekundu, nyeusi na kijani. Uingereza iliziacha rangi hizo kwenye waya za vifaa vya nyumbani karibu na mwaka 1970, ikahamia kahawia, buluu, na kijani chenye mstari wa njano. Skrubu ndogo za ndani ni za kipimo cha BA, kipimo cha zamani cha Uingereza, si milimita. Mashine hii basi ni ya miaka ya 1960. Draya ina rangi mpya za waya na skrubu za milimita, kwa hiyo ni ya baadaye.

Miaka ya 1960 ndiyo ilikuwa enzi ya mapipa mawili. Hoover walifungua kiwanda Pentrebach, Merthyr Tydfil, huko Wales, Oktoba 1948, na mashine yao ya kwanza, 0307, ilikuwa na pipa moja na roli za kukamulia zinazozungushwa kwa mkono. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ikaja Hoovermatic yenye pipa la pili la kukamulia kwa mota. Servis walikuwa Darlaston, Hotpoint walikuwa Llandudno Junction. John Bloom na kampuni yake ya Rolls Razor waliuza mapipa mawili kwa bei ya chini, bila kupitia maduka, mpaka kampuni ilipoanguka mwaka 1964. Uzalishaji Merthyr ulikoma Machi 2009.

Tofauti kubwa kati ya viwanda ni jinsi nguo zinavyosukwasukwa. Hotpoint waliweka mnara wenye mapezi katikati ya pipa, unaokwenda mbele na nyuma. Hoover waliweka sahani yenye mbavu kwenye ukuta wa pipa, inayozunguka kwa kasi na kuviringisha maji yote. Yetu ina sahani ukutani. Mfumo huo unafua haraka, dakika 4 zinatosha pamba, lakini unasokota mikono ya mashati na kuichosha sufu. Wapenzi wa mnara wana haki yao hapo.

Kanuni ya mradi: hakuna plagi ukutani mpaka vipimo vya umeme vikamilike. Mashine hizi haziuawi na kazi, zinauawa na kukaa. Raba hupasuka, grisi hugeuka nta, unyevu huingia kwenye hita. Anayeiwasha "kuona kama inafanya kazi" huunguza mota iliyoganda ambayo ingeokolewa kwa mafuta na subira.

Januari, mwisho wa mwezi: kufungua

Vipande vitatu vinaguswa kwa tahadhari. Ukanda wa breki ya kikamulio na gasketi za hita za zama hizo huenda vina asbesto. Uingereza ilipiga marufuku asbesto ya buluu na ya kahawia mwaka 1985, nyeupe ikasubiri hadi 1999. Hatujui yetu ina nini, kwa hiyo tunaichukulia kama inayo: kulowesha kwanza, kufuta kwa kitambaa kibichi, kamwe si kupuliza kwa kompresa wala kupiga msasa. Cha pili ni kapasita (kidude kinachosaidia mota kuanza) ya bati yenye mafuta. Za zamani zinaweza kuwa na PCB, kemikali yenye sumu, hivyo ikivimba au kuvuja inashikwa kwa glavu na kupelekwa panapopokelewa taka za sumu. Cha tatu ni ncha za bati la sanduku. Hazikusuguliwa kiwandani na zinakata kama wembe.

Skrubu za BA zinastahili neno. 2BA ina kipenyo cha milimita 4.7 na hatua, yaani umbali kati ya uzi na uzi, ya 0.81. M5, skrubu ya milimita, ina 5.0 na 0.8. Hatua zinakaribiana mno, kwa hiyo fundi asiyejua huilazimisha M5 ndani ya tundu la 2BA, inaingia kwa kusaga, na tundu limekufa. Mbili kati ya zinazoshika mabano ya mota zilishafanyiwa hivyo. Tumezitengeneza kwa kichonga nyuzi cha M5, tukaandika ndani ya sanduku kwa kalamu ya rangi ili atakayefuata asihangaike. Nyingine zote zimerudi kwenye 2BA na 4BA. Zinapatikana kwa wauzaji wa vifaa vya treni ndogo za kuchezea.

Februari: umeme kabla ya umeme

Waya mkuu umetupwa. Raba yake ilikatika ulipokunjwa. Mpya ni wa nyuzi tatu za milimita mraba 1.5, na plagi ina fyuzi ya ampea 13. Plagi hii ya pini tatu bapa ndiyo ile ile ya Kenya na Tanzania, na umeme ni wa hezi 50 vilevile, kwa hiyo hesabu zote hapa chini zinafaa Mombasa kama zinavyofaa Birmingham.

Upinzani kati ya pini ya ethi (waya wa ardhini) na bati ulisoma omu 4.6. Hiyo ni hatari, maana ukitaka fyuzi ikatike haraka, njia ya ethi iwe chini sana ya omu moja. Chanzo kilikuwa rangi na kutu chini ya bolti ya ethi. Tumekwangua mpaka chuma king'ae, tukaweka washa ya meno, tukakaza. Sasa ni 0.08.

Kisha mega ya volti 500, kifaa cha kupima kama umeme unavuja kwenda kwenye bati. Mota ya kufulia: megaomu 40. Mota ya kukamulia: megaomu 22. Hita: megaomu 0.02, yaani kiloomu 20. Hapo ndipo penye mwiba. Kwa volti 230, kiloomu 20 inavujisha miliampea 11.5. Swichi ya usalama ya miliampea 30, inayokata umeme unapovuja, kwa kiwango chake inaweza kukata popote kati ya 15 na 30, kwa hiyo hita hii peke yake ingepita, lakini maji yakipata moto na uvujaji ukaongezeka, nyumba nzima inabaki gizani. Wengi huishia hapo na kuitupa hita.

Mara nyingi haijafa. Ndani ya bomba la hita waya umezungukwa na unga wa magnesia, na unga huo hunyonya unyevu kupitia ncha zilizopasuka. Tuliichomoa, tukaiweka kwenye oveni ya nyuzi 110 usiku kucha, tukaipima ikiwa bado na moto: megaomu 8. Tukaziba ncha kwa silikoni ya joto kali kabla haijapoa. Ikiachwa ipoe wazi, inanyonya tena. Wiki moja baadaye bado inasoma juu ya 5. Kiwango cha chini kwa kifaa chenye ethi ni megaomu 1.

Waya wa hita wenyewe unasoma omu 21. Kwa volti 240 hiyo ni wati 2,743, kwa 230 ni wati 2,519. Tofauti ndogo ya volti, lakini mahali ambapo volti ziko chini, mtu anayelalamika kwamba mashine ya bibi "inachelewa kuchemka" huenda hakosei.

Februari, bado: chokaa

Mashine ilitumika eneo la maji magumu. Chokaa kwenye hita kilikuwa unene wa milimita 4 hivi, kigumu kama ganda la kombe. Asidi ya sitriki gramu 150 kwa lita 10 za maji ya vuguvugu, isizidi nyuzi 50. Hapa ndipo watu hukosea kwa bidii nyingi: wanachemsha. Ikichemka, sitriki na chokaa huunda chumvi nyeupe isiyoyeyuka inayoganda palepale, mbaya kuliko mwanzo. Iachwe itoe mapovu, povu likikoma ibadilishwe. Sehemu za alumini, hasa kitako cha pampu, zisiingie kabisa. Pipa la enameli linavumilia, lakini si kwa kulalia, maana mng'ao hufifia.

Alumini ina adui wa pili, magadi. Kwa miaka mingi Waingereza walitia magadi kwenye maji ya kufulia, na magadi hula alumini taratibu. Puli ya mota ya kufulia ina mashimo upande uliokuwa ukidondokewa. Bado inazunguka bila kuyumba, tumeiacha.

Machi: kikamulio

Hii ndiyo sehemu yenye utajiri, na ndiyo inayoua. Pipa la kukamulia linasimama juu ya mhimili wa wima, na mota imeunganishwa nalo moja kwa moja. Mota ya nguzo mbili kwenye hezi 50 haiwezi kufika mizunguko 3,000 kwa dakika, ikibeba mzigo hukaa karibu na 2,800. Pipa letu lina nusu kipenyo cha sentimita 12. Hesabu inatoa nguvu ya kurusha maji karibu mara 1,050 ya uzito wa nguo. Mashine ya kisasa ya mlango wa mbele ya mizunguko 1,400, yenye nusu kipenyo cha sentimita 24, inatoa mara 525 hivi. Yaani mashine ya miaka ya 1960 inakamua kwa nguvu maradufu ya ile inayotangazwa leo. Kasi inaingia kwenye hesabu kwa mraba, upana unaingia mara moja tu.

Kwa sababu hiyo breki si pambo. Ukifungua mfuniko, kebo inaachia ukanda wa breki unaokumbatia gurudumu chini ya pipa, na swichi inakata mota wakati huohuo. Breki yetu ilisimamisha pipa tupu kwa sekunde 26. Mkono hauna muda huo. Visababishi vilikuwa viwili: mafuta yaliyotoka kwenye beringi na kulowesha ukanda, na kebo iliyolegea. Ukanda umebadilishwa kwa lainingi mpya isiyo na asbesto, iliyogundishwa kwa gundi ya breki na kubanwa usiku mzima. Kebo imekazwa mpaka breki ishike mfuniko ukiinuka vidole viwili. Sasa ni sekunde 5.

Swichi ya mfuniko isirukwe kwa kipande cha waya hata wakati wa kupima. 

Mafuta yalitoka wapi? Fuata mstari wa kutu. Sili ya mhimili ikichoka, maji ya sabuni hushuka ndani ya beringi ya juu, grisi inageuka nta ya kijivu, mipira inaanza kutu. Dalili ya kwanza ni mlio wa chini kama gari la mbali, ya pili ni doa la kahawia sakafuni. Beringi za Uingereza za zama hizo mara nyingi ni za inchi. Yetu ya juu ni RLS6: tundu inchi 3/4, nje inchi 1 na 7/8, unene 9/16. Usiibadilishe kwa 6204 ya milimita kwa sababu "karibu inaingia". Tundu la 6204 ni milimita 20 na mhimili ni 19.05, itacheza na kula mhimili. Nunua RLS6 yenye vifuniko vya raba pande zote mbili, gharama ni kubwa kidogo, inastahili.

Kutoa beringi: pasha kitako cha alumini kwa bunduki ya hewa ya moto mpaka tone la maji lichemke juu yake, beringi inaanguka yenyewe au kwa kugongwa kidogo. Kuingiza: beringi kwenye friza, kitako kwenye moto, na usukume ringi ya nje peke yake. Ukigonga ringi ya ndani, mipira inaacha alama kwenye njia yake na kelele inarudi ndani ya mwezi.

Raba kubwa inayounganisha pipa la nje na kitako, yenye mikunjo kama akodioni, ilikuwa imepasuka kwenye mikunjo miwili. Hakuna mpya. Tumeiziba kwa kiraka cha raba ya tyubu ya baiskeli na gundi yake, kutokea ndani, baada ya kuparuza. Usipake grisi ya petroli kwenye raba asilia, inavimba na kuwa laini kama jojo. Silikoni tu.

Aprili: pampu, themostati, taima

Pampu ilikuwa na sarafu moja, pini za nywele na kifungo cha shati. Kawaida. Mapezi mazima, sili imebadilishwa. Pampu isizungushwe kavu, kwani sili hupozwa na maji.

Themostati ni ya kapilari: chupa ndogo ya shaba ndani ya pipa, bomba jembamba kama uzi hadi kwenye kitufe. Kuipima, chupa imewekwa kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, mita ikiwa kwenye mlio. Alama ya 60 inakata kwa 67. Skrubu ndogo nyuma ya kitufe, robo mzunguko, ikashuka hadi 61. Bomba lisikunjwe kwa pembe, likivunjika halina dawa.

Kwenye mfuniko kuna jedwali lililofifia, na tarakimu zake zinaeleza kwa nini alama hizo zipo. Lebo za nguo za Uingereza za zama hizo zilikuwa na namba 1 hadi 9 juu ya mchoro wa beseni. Namba 1 ni pamba nyeupe na kitani, nyuzi 95. Namba 2, pamba ya rangi isiyochuja, 60. Namba 5, pamba ya rangi isiyochuja kwa 40 lakini inayochuja kwa 60, 40. Namba 7 ni sufu, 40, na hapo sahani ya ukutani isiwashwe zaidi ya dakika moja.

Taima ni ya saa ya springi. Tone moja la mafuta ya cherehani, basi.

Mei: jaribio la maji

Lita 30, kuanzia nyuzi 12 hadi 60. Hesabu kwa wati 2,519 inatoa dakika 40, saa imeonyesha 44 mfuniko ukiwa umefungwa. Ndiyo maana wenye bomba la maji moto walijaza kutoka bombani na kuiachia hita kazi ya kupandisha kidogo. Hita lazima ifunikwe na maji kabla ya kuwashwa. Ikikaa kavu waya wake unakatika.

Utaratibu wa Jumatatu, siku ya kufua ya Waingereza, ulikuwa maji mamoja kwa mizigo yote: nyeupe kwanza yakiwa moto kabisa, kisha za rangi yakishapoa, kisha sufu na nailoni, mwisho ovaroli za kazini. Nguo zilivuliwa kwa koleo za mbao na kutiwa kwenye kikamulio, na maji ya sabuni yaliyokamuliwa yakarudishwa na pampu kwenye pipa la kufulia. Wazo hilo linaokoa maji na umeme, ila linataka mtu asimame hapo asubuhi nzima. Tumelifuata. Mzigo usizidi kilo 2.5. Sabuni ya unga nusu ya kipimo, kwa sababu povu likifika kwenye pampu inazunguka hewa bila kusukuma kitu.

Kikamulio kinachukua zaidi kidogo ya nusu ya mzigo wa kufulia. Nguo zipangwe kwa duara, zikandamizwe chini, mkeka wa raba uwekwe juu. Mkeka huo ukikosekana, soksi moja hupanda juu ya ukingo, ikaingia kati ya mapipa mawili na kusimamisha mota. Pipa likipiga ukuta mwanzoni, zima, panga upya. Kulishikilia sanduku kwa mikono hakusaidii.

Taulo za pamba kavu gramu 1,500, baada ya dakika 3 za kukamua gramu 2,300. Maji yaliyobaki ni asilimia 53. Tumeridhika.

Mei na Juni: draya

Draya ni mashine rahisi: mota moja inayozungusha pipa kwa mkanda mrefu na feni kwa ncha ya pili ya mhimili, hita nyuma, themostati mbili, taima. Urahisi huo una mtego. Mkanda ukikatika, feni na hita vinaendelea, pipa linasimama, na nguo zilizo karibu na hita zinakaangwa. Usiondoke ukaiacha.

Mota ilinguruma bila kuanza. Ukilisukuma pipa kwa mkono, linaendelea. Hiyo ni kapasita tisa kati ya kumi. Imeandikwa mikrofaradi 8, imesoma 5.1. Mpya ya 8, volti 450. Kabla ya kuigusa, toa chaji kwa kipingamizi cha kiloomu 10, si kwa bisibisi.

Kizuia kelele za redio, kidude cha plastiki penye waya unapoingia, kilikuwa na nyufa za kahawia. Za zamani hunyonya unyevu kupitia nyufa hizo, kisha hupasuka kwa moshi mzito unaonuka. Badilisha bila kupima.

Hita ina koili mbili, kila moja omu 57.6. Moja kwa joto dogo, zote mbili kwa joto kubwa: wati 2,000 kwa volti 240. Zote nzima. Ila nyuma ya bati la hita palikuwa na vumbi la nguo unene wa kidole, mengine yameungua rangi ya chai. Chujio la mlangoni halikamati kila kitu. Chanzo halisi ni ukanda wa felti unaoziba kati ya pipa na uso wa mbele: umeisha, hewa inapita pembeni, vumbi linakwenda pasipotakiwa. Felti mpya imegundishwa kwa gundi ya joto, maungio yake juu, mahali ambapo uzito wa pipa haulali.

Themostati ya usalama ilikuwa imekata. Kuirudisha au kuiruka kwa waya ni kuomba moto. Iliyo karibu na hita hukata kwa sababu hewa imeziba au themostati ya kawaida imeganda ikiwa imefunga, kwa hiyo zinabadilishwa zote mbili pamoja, na vumbi linaondolewa kwanza.

Bushi ya nyuma ya pipa imelika upande wa chini kwa milimita 2, ndiyo iliyokuwa ikikwaruza. Tumegeuza nusu mzunguko kwa sasa.

Jaribio: taulo zile zile, gramu 800 za maji ya kutoa. Kinadharia kuyageuza mvuke kunataka kilowati-saa 0.53. Mita imesoma 0.86, dakika 29, bomba la inchi 4 lenye urefu wa mita moja na nusu. Bomba lilipoongezwa hadi mita nne na kupindwa mara mbili, muda ulipanda hadi dakika 38. Taulo zilizokamuliwa kwa mkono, zikiwa na maji sawa na uzito wake, zingehitaji karibu mara mbili ya umeme huo, na hapo ndipo kikamulio kinapolipa gharama ya beringi yake.

Yaliyobaki

Bushi mpya ya draya inachongwa. Kiraka cha raba ya kikamulio kinakaguliwa kila baada ya mizigo kumi, kwa karatasi ya jikoni chini ya kitako; ikilowa, mashine inasimama mpaka ipatikane raba ya mashine chakavu ya aina hii. Rangi ya sanduku itafuata, ila kwanza kutu ya pembe ya nyuma kushoto, ambako bati limeshatoboka.